Chumba cha kupanga, mita 3 kwa 3: studio ya nyumbani ianze na kuta au na maiki?

#1 Sauti ya Tabata
Wakuu, salaam. Mwenye nyumba wangu kanikubalia nitumie chumba cha pili kwa kazi ya sauti, mradi nisitoboe kuta hovyo. Kazi yenyewe ni kusimulia vitabu na kusoma matangazo ya wafanyabiashara. Mdogo wangu wa kike naye atakuwa anarekodi vokali zake za injili humo humo.

Chumba ni mita 3 kwa 3, na kimo nacho mita 3. Kuta ni za block zilizopigwa lipu laini, sakafu vigae, dari jipsamu. Dirisha ni moja, la vioo vya kusukuma, linatazama njia ya bodaboda. Nina laptopu na laki nane mkononi. Nimeazima maiki ya kondensa, ile yenye usikivu mkali, na nikirekodi, sauti yangu inavuma kwa chini: nikishusha sauti kuna maneno yanavimba kuliko mengine. Mdogo wangu akiimba, tatizo hilo halisikiki sana.

Rafiki mmoja anasema ninunue maiki ya maana, mwingine anasema fedha yote iende kwenye kuta. Mimi naamini chumba ndicho kinachoharibu. Anayepinga aje na hoja.

#2 Kariakoo Kwetu
Siti ya mbele kabisa. Nami nina chumba kama hicho.

#3 Geni Juu
Mkuu, hilo ni jambo dogo. Nenda kwa wauza mayai, chukua trei mia, gundi, bandika ukuta mzima. Studio kibao za mtaani zilianza hivyo, na nyimbo zake umezicheza kwenye harusi. Laki nane yote nunua maiki.

#4 Mama Mtangazaji
Geni Juu, trei za mayai ni karatasi nyepesi. Zinapunguza kidogo ule mlio wa juu unaousikia ukipiga kofi kwenye chumba kitupu, basi. Uvumi wa chini aliousema mleta uzi haziugusi, na bodaboda wa nje ataingia vilevile.

Watu wanachanganya kazi mbili. Kuna kuzuia sauti isiingie wala isitoke, na kuna kutuliza sauti inayozunguka ndani. Kazi ya kwanza inataka uzito na kuziba nyufa. Ya pili inataka kitu kinene chenye nyuzinyuzi au vitundu, hewa ipite ndani yake kwa shida. Trei haina uzito wala unene, na inashika moto upesi sana.

#5 Mzee wa Reli
Vijana mnahangaika na kuta. Radio Tanzania pale Barabara ya Pugu ilirekodi Mlimani Park, Juwata, Vijana Jazz, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, na kanda zile mpaka leo zinasikilizika. Kilichokuwepo ni fundi mitambo anayejua maiki aiweke wapi, na mwimbaji aliyefanya mazoezi. Bendi nyingine zilivuka hadi Nairobi kutafuta santuri, nako ilikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyeanza kwa kuuliza bei ya sponji.

#6 Geni Juu
Mzee wa Reli, kila uzi lazima utupitishe Barabara ya Pugu!

#7 Mama Mtangazaji
Ila Mzee kajipinga mwenyewe. Ile ya redio ilikuwa studio iliyojengwa kwa kazi hiyo: chumba kikubwa, kilichotulizwa, na chumba cha mitambo pembeni. Huwezi kuitoa mfano wa kupuuza kuta. Kwenye suala la kuweka maiki mahali pake nakuunga mkono.

#8 Hesabu za Chumba
Mleta uzi, mita 3 kwa 3 kwa 3 ni karibu na umbo baya kuliko yote. Sauti ikigonga kuta mbili zinazotazamana inajirudia, na kuna masafa yanayokaa kwenye nafasi hiyo na kuvimba. Chukua kasi ya sauti, mita 343 kwa sekunde, gawa kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 6. Unapata hezi 57 hivi, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, kisha 114, kisha 171. Katika chumba cha kawaida urefu, upana na kimo vina namba tofauti, kwa hiyo uvimbe unatawanyika. Chako namba zote tatu ni moja, uvimbe unarundikana palepale mara tatu.

Maiki ya milioni tano ukiiweka humo itarekodi uvimbe huohuo, tena kwa usafi zaidi.

#9 Nyuzi Joto
Hesabu za Chumba uko sawa ila 343 ni kasi ya nyuzi joto 20. Tabata mchana ni 30 na zaidi, na kwa 30 kasi inafika 349 hivi. Kwa hiyo ni 58, 116 na 174. Tofauti ndogo, lakini tuwe sahihi.

Halafu angalia hili: sauti ya mwanamume anayeongea huanzia kama hezi 85 na kupanda hadi 180. Kwa hiyo 58 haimgusi. Ile 116 ndiyo inayomvimbisha, ipo katikati kabisa ya sauti yake ya kushusha. Mdogo wake wa kike anaanzia juu, 165 hivi, ndiyo maana yeye analalamika kidogo. Maelezo ya mleta uzi na hesabu vinakubaliana.

#10 Karibu na Mdomo
Mimi sikubaliani. Hizo ni hesabu nzuri ila jibu liko karibu zaidi. Mkuu Sauti ya Tabata, mdomo wako uko umbali gani na maiki? Kondensa nyingi hizi ni za kusikiliza upande mmoja, na maiki yoyote ya aina hiyo ukiisogelea inaongeza besi yenyewe. Kadiri unavyosogea ndivyo inavyoongeza. Mwanamume mwenye sauti nzito, sentimita 5 kutoka kwenye maiki, lazima avume hata akirekodi kwenye chumba cha kifalme. Mwanamke mwenye sauti ya juu hataisikia sana, kwa sababu hana kitu kingi huko chini cha kuongezwa. Kwa hiyo maelezo ya mleta uzi yanakubaliana na mimi pia.

#11 Sauti ya Tabata
Asanteni wote. Karibu na Mdomo, ni kweli nakaa karibu, kama sentimita 5 au 6. Nilifundishwa kwamba ukikaa karibu unaepuka mwangwi wa chumba. Maiki iko kwenye stendi fupi juu ya meza ya mbao, meza iko katikati ya chumba.

#12 Seremala wa Buguruni
Hapo kwenye meza ndipo nilipokuwa nasubiri. Mbao nyembamba inatetemeka, stendi inabeba mtetemo, maiki inaumeza. Laptopu nayo iko juu ya meza hiyohiyo, feni yake inazunguka. Na uso wa meza unarudisha sauti yako kwenye maiki kutokea chini. Kabla ya kutumia shilingi moja, weka stendi ndefu inayosimama sakafuni, chini yake mkeka au zulia, na mezani tandika blanketi.

#13 Hesabu za Chumba
Na katikati ya chumba ndipo ile 116 inapofikia kilele! Itoe hapo. Masafa hayo yanazimika ukiwa robo ya urefu, yaani sentimita 75 kutoka ukutani. Simama hapo, pande zote mbili ukiweza, ulinganishe. Ni bure.

#14 Pwani Kweli
Hamjambo wa huko. Niko Mombasa, Mji wa Kale, na studio yangu iko kwenye nyumba ya mawe ya wazee wetu. Niwape siri ya nyumba hizi. Boriti za mikoko hazina urefu mkubwa, kwa hiyo vyumba vikajengwa vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi 3 kwa upana, lakini virefu. Changu ni karibu mita 7 kwa urefu. Umbo hilo halirundiki masafa kama huo mchemraba wa Tabata. Kuta ni nene sana, mawe ya matumbawe na chokaa, pikipiki ya nje huisikii. Ukuta wa ndani una zidaka, vile vijishubaka vya kuwekea vyombo, na mimi nimevijaza vitabu na mito. Sauti ikifika pale inavunjika vipande, hairudi kama ilivyokwenda. Dari ni boriti na mawe, halina uso wa kioo kama jipsamu.

Wajenzi wale walikuwa wanatafuta ubaridi na stara, sikatai. Lakini anayerekodi udi au usomaji wa Kiswahili ndani yake atajua alichorithi. Inaniuma kuona watu wanabomoa zidaka wapate ukuta wa kuwekea televisheni.

#15 Kariakoo Kwetu
Pwani Kweli, nahamia kwako kesho. Kodi ni kiasi gani?

#16 Pwani Kweli
Kodi si tatizo, yakhe. Tatizo ni unyevu. Kondensa ikilala nje ya sanduku msimu wa mvua inaanza kukwaruza na kupasukapasuka. Ihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Hilo linahusu pwani yote, Dar, Tanga na Unguja.

#17 Godoro Kwanza
Turudi kwa mleta uzi. Ushauri wangu ni mfupi: sponji ya godoro, kata vipande, bandika kuta nne na dari. Umemaliza.

#18 Mama Mtangazaji
Godoro Kwanza, kwa heshima yote, ushauri huo ni wa hatari, naomba mleta uzi asiufuate. Mwaka 2003 huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani kwenye ukumbi wa muziki, na watu 100 wakafa. Mwaka 2013, Santa Maria nchini Brazil, ikawa hivyo hivyo, watu 242. Sponji ya kawaida ikiungua inatoa moshi wa sumu, na moshi huo unakuwahi kabla ya moto. Chumba cha mita 3 chenye mlango mmoja, dirisha lina nondo, nyaya za umeme zimepita chini ya sponji. Hapana.

Na hata tukiacha moto: sponji ya sentimita 5 inakula sauti za juu na za kati, za chini inaziacha. Utabaki na chumba kizito, kimekufa juu, kinavuma chini. Ugonjwa wake utakuwa umeongezeka.

#19 Makumbi
Basi tumieni vya nyumbani. Usumba wa makumbi ya nazi, ukisukwa mnene, unatuliza sauti vizuri. Sufi pia. Mimi nilitengeneza fremu za mbao, nikajaza, nikavisha kitenge.

#20 Seremala wa Buguruni
Makumbi, fremu safi, ila sufi inawaka haraka kuliko hata pamba. Afadhali ile pamba ya mwamba, rokwuli, wanayofungia boila. Haiungui. Inawasha ngozi, kwa hiyo vaa glovu na barakoa unapoijaza, kisha ifunike kwa kitambaa kilichofumwa vizuri kinachopitisha hewa. Kipimo: ukiweka kitambaa mdomoni ukaweza kupuliza hewa ikapita, kinafaa.

Fremu za mita 1.2 kwa 0.6, unene sentimita 10. Usizigandishe ukutani, ziache na nafasi ya sentimita 10 nyuma, zitafanya kazi chini zaidi. Mbili ukutani mbele yako, mbili nyuma, nyingine simamisha kwenye kona. Zisimamishe kwa miguu yake, hutatoboa ukuta wa mwenye nyumba, na ukihama unaondoka nazo.

#21 Nyuzi Joto
Nakazia kona. Uvimbe wa chini unakusanyika kwenye kona zote. Ila tusimdanganye: wimbi la hezi 116 lina urefu wa mita 3, robo yake ni sentimita 75. Fremu ya sentimita 10 itapunguza, haitafuta.

#22 Sauti ya Tabata
Wakuu, nimejaribu yale ya bure. Nimeihamisha meza, nimeweka stendi sakafuni juu ya zulia, nimesogea sentimita 20 kutoka kwenye maiki, na nimesimama robo ya chumba kama alivyosema Hesabu za Chumba.

Uvimbe umepungua sana. Lakini sasa nasikia mwangwi wa kuta kuliko mwanzo, ule mlio mfupi wa juu, hasa nikisema maneno yenye "s" na "k".

#23 Karibu na Mdomo
Nilisema. Umbali ndio uliotibu.

#24 Hesabu za Chumba
Kahamisha meza na kabadilisha umbali kwa pamoja! Utajuaje kipi kimetibu? Mkuu, rudi sentimita 5 ukiwa hapohapo robo ya chumba, utuambie.

#25 Seremala wa Buguruni
Na stendi nayo kaibadilisha. Msinisahau.

#26 Mama Mtangazaji
Kuna jaribio la kukata mzizi wa fitina. Chukua maiki na laptopu usiku uende mahali pa wazi, uani au shambani, mbali na ukuta. Soma ukurasa uleule, umbali uleule wa sentimita 5. Nje hakuna kuta wala dari. Uvumi ukibaki, ni maiki na mdomo. Ukiondoka, ni chumba.

#27 Nairobi Usiku
Sema wasee. Mnabishana kuhusu besi na hajatuambia anasikiliza na nini. Hizi hedifoni za barabarani zimeongezwa besi kiwandani ndiyo nyimbo zibambe. Unaweza kutibu chumba kizima kumbe tatizo liko masikioni. Kabla ya maiki mpya, nunua hedifoni za studio za kufunika sikio lote, za kusikilizia kazi. Kwa chumba kidogo zinashinda spika za monita, maana spika nazo zitavumishwa na kuta hizohizo.

Programu ya kurekodia usinunue. Audacity ni bure. Reaper unaijaribu siku 60, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60.

#28 Volti
Mimi naleta jingine. Je, uvumi huo upo hata ukiwa kimya? Umeme wetu ni volti 230, hezi 50, na ukiingia kwenye maiki unasikika 50, 100 na 150. Nyumba nyingi za kupanga hazina ethi ya kweli, waya umeishia kwenye soketi tu. Chomoa chaja, rekodi laptopu ikiwa kwenye betri. Wenye inveta nao wajue: zile za bei rahisi zisizotoa wimbi safi zinapiga kelele kwenye kila kifaa cha sauti.

#29 Sauti ya Tabata
Volti, nikiwa kimya kuna mngurumo mdogo, na nikichomoa chaja unaondoka. Kwa hiyo lilikuwepo, ila ni tofauti na ule uvimbe. Asante sana, hili sikulijua.

Mama Mtangazaji, nimekwenda shambani Chanika Jumamosi usiku. Sentimita 5, ukurasa uleule. Uvumi umepungua mno, lakini haujaisha.

#30 Hesabu za Chumba
Umepungua mno. Chumba.

#31 Karibu na Mdomo
Haujaisha. Mdomo.

#32 Nairobi Usiku
Alisikiliza na hedifoni zilezile.

#33 Mzee wa Reli
Na usiku wa Chanika mtu anasoma kwa sauti nyingine, hasomi kama aliye chumbani kwake. Mkipima, pimeni na msomaji.

#34 Mama Mtangazaji
Hilo la Mzee ni zito kuliko linavyoonekana. Mahali panabadilisha pumzi ya msomaji.

Mleta uzi, sasa kuhusu laki nane. ACX, jukwaa la Amazon la kutengenezea vitabu vya sauti, wanataka kelele ya chumba kikiwa kimya isizidi desibeli -60, wastani wa sauti uwe kati ya -23 na -18, na kilele kisipite -3. Hiyo -60 ndiyo inayowaangusha wengi huku kwetu, kwa sababu ya dirisha. Ukuta wako wa block una uzito wa kutosha, usiuguse. Uwazi wa asilimia 1 tu ya ukuta unatosha kukufungia kwenye desibeli 20 za kuzuia, hata ukuta uwe mnene vipi. Ziba dirisha kwa kipande cha blockboard kinachobana, chenye mpira pembeni. Chini ya mlango weka mpira pia.

#35 Kariakoo Kwetu
Akiziba dirisha na mlango, joto je? Pangaboi linaunguruma.

#36 Maskati Mchana
Huku Maskati kiyoyozi hakizimwi, kwa hiyo nimezoea: nakipooza chumba sana kwanza, nakizima, narekodi ukurasa mmoja au miwili, nakiwasha tena. Kwa pangaboi fanya hivyohivyo. Usijaribu kusafisha kelele ya feni kwa programu, inakula na sauti yako.

#37 Geni Juu
Hakuna aliyejibu la maiki mpaka sasa! Mimi nasema arudishe kondensa, anunue dainamiki. Haina usikivu mkali kama kondensa, na ukikaa karibu nayo, bodaboda na kuku wa jirani wanasikika kidogo. SM58, dainamiki ya Shure, ipo tangu 1966 na haijafa.

#38 Volti
Geni Juu leo umesema kitu, ila malizia. Dainamiki inatoa sauti ndogo, inataka intafesi, kile kisanduku cha kuunganisha maiki na laptopu, yenye nguvu ya kuikuza. SM7B, dainamiki nyingine ya Shure wanayoipenda wote, inataka ikuzwe angalau desibeli 60. Intafesi dhaifu ikifika huko inatoa mlio wa "ssss". Kondensa inataka volti 48 kutoka kwenye intafesi, na karibu zote zinazo. Halafu SM58 bandia zimejaa sokoni, aifungue kichwa aangalie kabla hajalipa.

#39 Karibu na Mdomo
Na dainamiki inakulazimisha kukaa karibu, na ukikaa karibu besi inarudi. Tumezunguka.

#40 Sauti ya Tabata
Naelekea hivi: fremu nne za rokwuli kwa Seremala, blockboard ya dirisha, hedifoni, na kitakachobaki kiende kwenye intafesi. Kondensa ya kuazima nabaki nayo kwanza. Seremala, mbao za fremu ni za aina gani, na kwa fremu nne unahitaji vipande vingapi?

#41 Seremala wa Buguruni
Mbao laini, inchi 1 kwa 4, iliyokauka. Mbichi itapinda ndani ya mwezi. Kwa fremu moja ya mita 1.2 kwa 0.6 ni mita 3.6 za mzunguko, ongeza mshikizo mmoja wa katikati, jumla mita 4.2. Fremu nne ni mita 17 hivi, hapo sijahesabu miguu. Njoo na vipimo vya kona zako, maana kona ya block haijawahi kuwa nyuzi 90.

#42 Godoro Kwanza
Mimi bado nauliza, sponji ile iliyotiwa dawa ya kuzuia moto nayo ni mbaya? Kuna duka linaiuza, wanasema imepimwa.

#43 Mama Mtangazaji
Waambie wakuoneshe hati ya kipimo, si maneno. Wakikosa, wakukatie kipande kidogo ukijaribu mahali pa wazi, mbali na nyumba, na usivute moshi wake.

#44 Hesabu za Chumba
Sauti ya Tabata, kabla ya fremu, lile jaribio la sentimita 5 robo ya chumba bado hujalifanya.